Duka la Siwema Lisilo na Mlango

Sokoni kwetu sheria ilikuwa moja: mwenye duka ndiye anayelipa ushuru. Siwema aliuza madera kwa simu, hakuwa hata na meza. Jambo hilo lilimkera tajiri Hamduni, mwenye duka kubwa la nguo, akampeleka kwa karani wa ushuru.

"Binti huyu anauza kuliko mimi, na halipi hata thumni!"

"Nilipie duka lipi, mzee wangu?" Siwema aliuliza kwa upole. "Mimi nauza hata nikiwa njiani."

Hamduni alicheka. "Muuzaji anatembea, mnunuzi amekaa. Pale alipokaa mtu akaagiza nguo yako, pale ndipo duka."

"Na ushuru atalipa nani?"

"Mwenye nyumba hiyo! Nani mwingine?" Moyoni alijua kwamba wateja wakitozwa majumbani mwao, wote watarudi kwake.

Siwema aliinamisha kichwa. "Haya, nimeshindwa. Bwana karani, andika hivyo hivyo, ugonge na mhuri."

Karani aliandika, akagonga. Ndipo Siwema akafungua simu yake, akaiweka mezani.

"Tuanze na mteja wangu mkubwa, Bi Mwanaidi. Madera kumi na manne mwezi huu, yote kayaagiza akiwa sebuleni kwake."

"Mwenye nyumba ni nani?" karani aliuliza, kalamu mkononi.

"Mumewe. Si huyu hapa aliyetuletea sheria?"

Hamduni alikohoa, akaivuta ile karatasi taratibu kutoka mezani.

"Bwana karani, hivi tumekosa kazi? Hiyo nayo ni biashara? Ni wanawake wanasalimiana tu."