Sakitu Huoshwa Kabla ya Jua

Sakitu huoshwa kabla ya jua. Vijana walilisikia neno hilo kikaoni, wakalirudia njiani wakicheka, kisha wakamwuliza Bibi Sekela maana yake. Naye, akiendelea kumenya viazi, akawaeleza lilikotoka.

Zamani, kijijini Ikuvilo, juu kabisa mlimani, baridi yote ilikuwa na jina moja. Ukungu uliofunika njia, umande uliolowesha miguu na ule weupe ulioganda juu ya majani, vyote waliviita mgeni. Na mgeni, walisema, hafukuzwi. Alipolala shambani hakuna aliyethubutu kumgusa. Watu walikaa jikoni wakiota moto mpaka jua litoke limsindikize.

Katika kijiji hicho aliolewa msichana mmoja aitwaye Tumpe. Alikuwa mwenye haya, wa maneno machache, na mila ya huko ikamfanya awe kimya zaidi: mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, wala hasemi naye. Wakikutana njiani, Tumpe aliingia kichakani mpaka mzee apite.

Misimu miwili mfululizo viazi vya mzee huyo, Lwitiko, vilikauka vikiwa kwenye maua. Msimu wa tatu ulipofika akatangaza mbele ya watu wa nyumbani, "Vikikauka na hivi, tunashuka bondeni tukalime mashamba ya watu."

Tumpe alisikia akiwa nyuma ya mlango. Dada yake alishuka bondeni, homa ya huko ikamchukua kabla hajavuna hata mara moja. Na yeye sasa alikuwa na mimba. Akajisemea moyoni, "Mtoto huyu sitamzalia kule."

Tangu siku hiyo akawa analichunguza shamba. Alikumbuka kwamba msimu uliopita, kando ya mfereji ambako ng'ombe hunywa na kurusha maji, mashina machache yalibaki ya kijani wakati mengine yote yamekuwa meusi. Na hayakuwa meusi alfajiri. Alfajiri yalikuwa meupe, yamesimama. Yalilegea baada ya jua kuyapiga.

Viazi vikatoa maua. Jioni moja ukungu ukapanda kutoka korongoni, ukalala juu ya kijiji bila upepo. Alfajiri Tumpe alipotoka kuteka maji, ukungu wenyewe ulikuwa umeganda. Ulining'inia kwenye mianzi kama mvi, na nyasi zilivunjika chini ya nyayo zake. Shamba zima lilikuwa jeupe.

"Mgeni amekuja!" akaita, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Si huja kila siku?" jirani mmoja, Mbukwa, akajibu kutoka ndani. "Mwache apumzike, nawe urudi ukalale!"

Hakuna mlango uliofunguka. Tumpe akachota maji ya mfereji kwa kibuyu, akaanza kuyamwaga juu ya majani, tuta la kwanza, kisha la pili. Vidole vikafa ganzi. Hakuacha.

Mama mkwe akatoka akijifunga nguo. "We binti, una wazimu? Unammwagia mgeni maji?"

"Mama, huyu si mgeni. Kwetu tunamwita sakitu."

"Haya, na sakitu wenu huogeshwa?"

Kabla hajajibu, Mzee Lwitiko akatokea. Tumpe akageuka upesi, akampa mgongo. Kisha akakiinua kibuyu mbele ya uso wake, akasema nacho kwa sauti.

"Kibuyu changu, wewe ndiye ninayesema nawe. Sakitu hulala tu juu ya jani. Jani hufa jua likilikuta bado limeganda."

Mzee akashangaa. Akatafuta wa kusema naye, akamwona jogoo juu ya ua.

"Wewe jogoo, mwambie mwenye kibuyu kwamba tangu babu zetu, mgeni husindikizwa na jua."

"Kibuyu changu," Tumpe akasema, "mwaka jana jua lilimsindikiza, likaondoka na viazi vyetu pia."

Mama mkwe akaziba mdomo asicheke. Mzee akatazama mashariki, ambako ukingo wa mlima ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Hakusema tena na jogoo. Aliingia ndani, akatoka na chungu kikubwa, akaelekea mferejini.

Wakamwaga maji wote watatu bila kupumzika. Mbukwa alitoka na blanketi lake akauliza kama viazi vinabatizwa. Jua lilipopanda walikuwa wamebakiza matuta ya upande wa juu, na wakayaacha.

Adhuhuri matuta ya juu yalikuwa meusi, yananuka. Shamba la Mbukwa pia, lote. Lakini matuta yaliyooshwa yalisimama na maua yake. Mzee Lwitiko akayapitia moja moja, kisha akamwambia mkewe, kwa sauti ya kumfikia aliyekuwa kichakani, "Hivi vinatutosha kwa chakula na mbegu. Hatushuki."

Toka hapo watu wa Ikuvilo wakaigawa baridi. Ya hewani ikawa ukungu, ya kulowesha ikawa umande, na ile ya kuganda wakaiita sakitu, ili anayeita alfajiri asiulizwe anaita nini.

Na ilirudi, msimu huohuo, walioharibikiwa wakiwa wameshapanda upya. Tumpe, na mimba yake kubwa, aliita neno moja tu, "Sakitu!" Milango ikafunguka kote. Katika nyumba moja tu mtoto wa Mbukwa aliendelea kuota moto, akilia kwamba nje ni baridi, heri wangoje kidogo.

Mbukwa akampa ndoo, akamsukuma nje.

"Twende, mwanangu. Sakitu huoshwa kabla ya jua."