Jiwe la Ndiva

Hivi, wajukuu zangu, mnaposema "Akili ikienda sokoni, jiwe haliinuki," mnajua ni jiwe gani? Basi sogeeni. Chanzo chake kilikuwa hivi.

Huko milimani Upare palikuwa na ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Tundu lake lilizibwa kwa jiwe zito kama ndama. Mfunguaji wake, Mzee Sengondo, alikuwa ameshindwa na kiuno, na wazee wakatangaza kwamba baada ya mwezi mmoja, atakayeliinua jiwe ndiye atakayerithi kazi.

Mbonea aliitaka kazi hiyo kuliko chakula, ila hakumwambia mtu. Mikono yake ilikuwa kama fito, akaogopa kuchekwa. Kila asubuhi akawa anafanya mazoezi ya kuinua jiwe jingine uani kwa shangazi yake Nakijwa, kando ya njia ya sokoni. Akiulizwa, anajibu, "Najinyoosha tu."

Sasa, njia ile haikosi wazee, na kijana mwenye adabu hamwachi mzee apite bila salamu. Jiwe likifika magotini tu, huyo, mama mmoja anapita na kikapu chake cha tangawizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Jino la mama yako limepoa?"

"Limepoa kidogo."

"Na yule mbuzi wenu mtoro?"

Hapo Mbonea anamkumbuka mbuzi, na jiwe chini, puu! Siku ya nne nusura limponde kidole gumba cha mguu.

Shangazi Nakijwa, aliyekuwa akipukuchua mahindi, alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Wewe! Mikono imebaki hapa, akili imeshasindikiza tangawizi. Akili ikienda sokoni, jiwe haliinuki."

"Sasa shangazi, nisiwaamkie wazee?"

"Waamkie kabla hujalishika. Ukishalishika, hakuna mzee, hakuna mbuzi. Yasikilize mapaja, kisha mgongo, kisha mabega, kama unavyosikiliza chungu kinachotaka kuchemka."

Haikuwa rahisi. Akili ilitoroka, akairudisha. Ikatoroka tena, akairudisha.

Siku ikafika. Kigalu mpasua mbao, shingo kama kinu, alitangulia. "Tazameni, dada zangu!" Huku anawatazama kama wanamtazama, jiwe likatikisika, likarudi palepale.

Mbonea akajitokeza. Kwanza aliwaamkia wazee mmoja mmoja mpaka watu wakachoka. Kisha akainama, akalishika. Mara Mzee Sengondo akatokea na mkongojo wake, amechelewa. Wote wakamwamkia, isipokuwa Mbonea.

"Mtoto wa nani huyu asiye na adabu?" mzee aling'aka.

"Mbonea! Mbuzi wako yumo kwenye mahindi ya watu!" Kigalu akapayuka.

Watu wakaangua kicheko. Akili ya Mbonea ilikuwa mapajani. Ikapanda mgongoni. Ikafika mabegani. Jiwe likachomoka, na maji yakaruka yakamlowesha Kigalu mpaka kichwani!

Mbonea akalitua, akageuka. "Shikamoo, babu. Nisamehe, sikukuona."

"Asingeweza kukuona, mzee," shangazi akadakia. "Akili ikienda sokoni, jiwe haliinuki."

Mzee Sengondo akayarudia maneno yale polepole, akitikisa kichwa, na hadi leo nasi tunayarudia. "Marahaba, mjukuu wangu. Haya, sema mwenyewe. Una haja gani?"

Safari hii Mbonea hakuficha.

"Naitaka kazi yako, babu. Nimeitaka tangu ningali mdogo."