Kata Iliyoitwa Tulimfukuza

Mtu mmoja alikuwa na shamba zuri katika kata yenye jina baya. Mtu huyo aliitwa Mhoja, na kata iliitwa Tulimfukuza.

Jina hilo halikuletwa na wageni. Katika mwaka wa nzige, zamani za mababu, mama mmoja mwenye kiu alifika kisimani akaomba maji. Wenye kisima walitazamana, wakayatazama maji machache yaliyobaki chini, wakamwambia aende mbele. Alikwenda mbele. Asubuhi walimkuta amelala upande wa pili wa jiwe la mpaka, na hakuamka tena. Wangeweza kunyamaza, maana hapakuwa na shahidi ila wao wenyewe. Hawakunyamaza. Waliiita nchi yao kwa kosa lao, ili kosa lisipate pa kujificha. Wakoloni walipokuja kuigawa nchi, karani akauliza mahali hapo panaitwaje, walimtajia jina hilo bila kuinamisha uso. Likaandikwa. Likawa jina la kijiji, kisha la kata, likavuka kutoka serikali moja hadi nyingine.

Na jina lilikuja na desturi yake. Mtu wa huko akiulizwa atokako, alisema, "Tulimfukuza." Aliyeuliza hakukosa kuuliza tena, "Mlimfukuza nani?" Hapo mtu wa huko alijibu, "Mama mmoja. Karibu maji," akamkabidhi kibuyu alichokining'iniza begani. Mtoto alifundishwa jibu hilo kabla hajafundishwa kuhesabu. Hakuna aliyetoka nyumbani bila kibuyu, na kisima chao hakikuwa na mlango.

Mhoja alikuwa mtu mwema, hilo lisisahaulike. Lakini jina lilimchosha. Kila alipoingia mnadani na ng'ombe wake, wachuuzi walipaza sauti, "Haya, wafukuzaji hao! Shikeni fimbo zenu kabla hatujatimuliwa!" Alicheka nao, kisha akauza upesi apate kuondoka. Siku ya mahari ya binti yake, mshenga aliacha mguu mmoja nje ya kizingiti.

"Mimi nabaki hapa hapa, mkwe," alisema. "Nikiingia mzima mzima, mtapata wa pili wa kumfukuza."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Binti yake hakucheka. Aliinamisha kichwa, akakunja na kukunjua pindo la kanga yake, na Mhoja akaona aibu ya mababu imeketi mapajani mwa mwanawe. Siku ile aliapa moyoni kwamba wajukuu zake hawatazaliwa Tulimfukuza.

Uchaguzi wa diwani ulipofika, alijitokeza kugombea. Ahadi zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, kata ipewe jina jipya, iitwe Neema. Ya pili, kisima kijengewe ukuta na mlango, maji yawe ya wana kata peke yao, kwa sababu mvua zilikuwa zimepungua na wapita njia wameongezeka. Watu walizipigia makofi zote mbili. Mhoja hakuona kwamba zilikuwa pacha.

Mpinzani wake alikuwa mfinyanzi mmoja aitwaye Sayi, mwanamke wa maneno machache, na kampeni yake yote ilikuwa sentensi moja: "Mimi jina silifuti." Vijana walimzomea hadi mlangoni kwake. "Mama Mavumbi! Rudi kwenye udongo wako!" Naye alirudi kwenye udongo wake, akaendelea kufinyanga.

Jina jipya halikusubiri kura. Wafuasi wa Mhoja walichimbia kibao kando ya barabara, wakaandika NEEMA kwa rangi ya kijani. Ukuta ulisimama, Mhoja akanunua kufuli kwa fedha yake, ufunguo akautia mfukoni. Na vibuyu vikaanza kubaki nyumbani, kimoja leo, kingine kesho, kwa kuwa mtu anayesema ametoka Neema haulizwi swali la pili.

Siku ya mwisho ya kampeni mkutano ulifanyika kisimani. Jua lilikuwa kali, ukuta ulikuwa mpya, watu walikuwa wengi. Mhoja alipanda juu ya meza, akashika kipaza sauti, akaanza kusema juu ya wajukuu na juu ya jina lisilochekwa. Watu walikuwa wake. Aliwahisi kama mtu anavyohisi jembe limeingia kwenye ardhi laini.

Ndipo alipoona, nyuma ya vichwa vyote, mwanamume akisukuma baiskeli. Kwenye kiti cha nyuma aliketi mama yake, mzee sana, amefungwa kwa kanga asianguke. Midomo yao ilikuwa imepasuka. Walisimama penye kibao, na mwanamume akamgeukia kijana mmoja aliyevaa fulana ya kampeni.

"Samahani, ndugu yangu. Hapa ndipo Tulimfukuza?"

"Hakuna mahali pa jina hilo, kaka," kijana alijibu kwa fahari. "Hapa ni Neema. Si unaona kibao?"

Hakuna aliyewafukuza, hilo nalo lisisahaulike. Hakuna aliyewakemea wala kuwanyooshea fimbo. Mkutano ulikuwa umenyamaza kidogo, kama mkutano unavyonyamaza mgeni akipita, na katika ukimya ule sauti ya yule mama, ingawa ilikuwa kavu, ilifika hadi mezani.

"Geuza baiskeli, mwanangu, tumepotea. Mama yangu aliniambia nikishikwa na kiu katika nchi hii nitafute Tulimfukuza, kwa maana huko ndiko hawamfukuzi mtu."

Mwanamume hakubisha. Aligeuza baiskeli.

Mhoja alibaki na kipaza sauti mkononi. Watu waligeuka kumtazama, wakingoja amalizie hotuba. Aliangalia nyuso zao, akaona kura zake zote zimekaa pale, moja moja, kama kuku juu ya ukuta, ambao ukipiga hatua ya ghafla wanaruka. Aliangalia barabara. Gurudumu la baiskeli lilikuwa likilia kwa kukosa mafuta, na kila lilipolia lilikuwa limesogea karibu zaidi na jiwe la mpaka. Alijipapasa begani kutafuta kibuyu. Bega lilikuwa tupu.

Alishuka mezani. Aliuendea mlango wa ukuta wake, akautoa ufunguo wake, akaugeuza mara ya kwanza, kufuli likamkatalia. Nyuma yake mtu mmoja alinong'ona, "Anafanya nini huyu?" Mwingine akapaza sauti, "Mheshimiwa, si ulisema maji ni yetu?" Kufuli lilifunguka. Aliteka maji, akainua ndoo, akakata katikati ya watu wake, nao wakampisha kwa hasira, maji yakiwamwagikia miguuni.

Alikimbia. Mtu mzima, mgombea, katika suti yake ya harusi ya binti yake, alikimbia barabarani na ndoo, na baiskeli ilikuwa imekwisha kulipita jiwe. Akaona asipoita atachelewa. Neema, alijua, lisingewageuza. Likabaki jina moja tu, na alilipaza kwa sauti yote aliyokuwa nayo, sauti ambayo mkutano mzima uliisikia bila kipaza sauti:

"Mama! Ndipo hapa! Tulimfukuza ndipo hapa!"

Gurudumu likaacha kulia.

Yule mama aligeuza shingo polepole. Alimtazama Mhoja, aliyekuwa akihema, ndoo ikiwa nusu. Alimtazama kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo hana hakika nayo. Kisha akauliza alichofundishwa kuuliza:

"Mlimfukuza nani?"

Mhoja alipiga goti barabarani. Alikuwa hajalitamka jibu lile tangu siku ya mahari, lakini lilikuwa mahali pake, lilipotiwa kabla hajajua kuhesabu.

"Mama mmoja," alisema. "Karibu maji."

Alikunywa mama, akanywa mwanawe. Na kesho yake watu walikwenda kupiga kura. Msiniulize nani alishinda. Ninyi ambao kesho mtapiga kura zenu, na mnaona haya kwa jina mlilorithi, niulizeni hili: tukiisha kulifuta kosa letu mlangoni, mwenye kiu aliyeelekezwa kwetu atatujuaje?