Behewa Lililodhaniwa Marehemu

Nchelenge hakuna reli. Kuna ziwa, kuna samaki, kuna barabara yenye mashimo ya kumeza mbuzi. Lakini reli, hakuna. Ndiyo maana Didier, mtu wa makamo aliyekulia Kamina kule Kongo, kando ya njia ya treni, alitamba ufukoni mwa ziwa hilo la Mweru, upande wa Zambia, kama jogoo wa pekee kijijini. Wenzake wakishona nyavu, yeye huwasimulia mabehewa: lipi la mbao, lipi la chuma, lipi lililoletwa na Wabelgiji na bado linapumua. Furaha ikimzidi, huiga mlio wa magurudumu hata mbwa wakabweka. Mkewe Fidélie, mchuuzi wa samaki ambaye hakuwa amewahi kuiona treni kwa macho yake, alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua: ipo, itakwisha.

Novemba ya mwaka 1997, siku chache kabla ya uvuvi kufungwa kwa msimu, wanawake wa kisiwa cha Chisenga walimkabidhi Fidélie magunia yao yote ya chisense, wale dagaa wadogo wanaokaushwa juani, ayapeleke sokoni Mufulira. Huo ulikuwa mzigo wao wa mwisho. Nyavu zingening'inia hadi Machi, na watoto wa Chisenga wangekula kile tu kitakachotoka katika magunia hayo. Fidélie aliapa kuyafikisha. Didier naye akapanda lori, akidai kwamba anakwenda kumlinda mkewe. Hakuna aliyedanganyika, wote walijua anakwenda kuona treni.

Walivuka mto Luapula kwa pantoni pale Chembe, wakakata kile kipande cha ardhi ya Kongo kinachochomoza ndani ya Zambia, wakarudi Zambia. Mufulira ikiwa karibu, mahali barabara inapokatana na reli, springi ya lori ikakatika. Royd, dereva wao, alijilaza chini ya gari akilaani. Mbingu nayo ilikuwa imenuna, nyeusi kama tako la sufuria. Chisense wakilowa ni taka, na turubai la lori lilikuwa na matundu kama wavu.

"Didier! Mvua hiyo! Magunia tunayaweka wapi?" Fidélie aliita.

Didier hakusikia. Alikuwa amesimama kinywa wazi mbele ya reli ya pembeni, ambapo behewa moja la mbao lilisimama peke yake, rangi imebanduka, nyasi zimefika kwenye mhimili wa magurudumu. Alilizunguka kama mtu aliyemtambua shangazi yake aliyepotea miaka mingi.

"Fidélie, angalia huyu muzee! Mbao ya kweli, breki ya kuzungusha na mukono. Wakati ya Wabeleji hii! Nilifikiri zote zilikwisha kukatwa. Vraiment, kweli kabisa, leo hata nikifa..."

"Usife bado, kwanza beba gunia. Linavuja?"

"Ndani mukavu kama nyumba ya padri."

"Na haliendi mahali?"

Didier alicheka hadi akashika mbavu. "Liende wapi, muke wangu? Huoni majani? Hii ni marehemu, inangojea tu mutu wa kuisomea sala. Ile mashua ya Kilwa, kule ziwani kwetu, waliyogeuza banda la kuku itaanza safari mbele ya hii!"

Fidélie alizijua mashua zilizokufa ufukoni na nyasi zinazoota ubavuni mwao, akaridhika. Walihamisha magunia mbiombio. Mwishoni mwa behewa palikuwa na chumba kilichofungwa kwa kufuli jipya linalong'aa, lakini Didier alikuwa akipapasa mbao za kale, hakulitupia jicho. Fidélie aliketi juu ya magunia kuyalinda, na mvua ikashuka.

Punde garimoshi la mizigo likaja likinguruma. Didier, aliyejifunika gunia tupu kichwani karibu na Royd, aliruka na kumpungia dereva wa treni kwa mikono yote miwili. Dereva akajibu kwa honi. Basi hapo mtu mzima akawa mtoto.

"Unaona, ba Royd? Linasimama. Sasa banafungua kichwa. Kichwa kinaingia reli ya pembeni. Kinarudi nyuma, pole, pole. Aa, banajua kazi, hawa! Sasa kinagusa..."

"Kinagusa nini, ba Didier?" aliuliza Royd.

Didier alishusha mikono. Ko! Behewa kuukuu lilishtuka, likajinyoosha mgongo, likatoka nyasini kama kiboko atokaye matetini. Mlangoni alisimama Fidélie, macho yamemtoka pima.

"Didieee! Marehemu anatembea!"

Didier alichomoka mbio. Alivua shati akalipunga juu, kama watu wa ziwani wanavyoisimamisha mashua. Dereva alichungulia, akamwona yule bwana mchangamfu apendaye treni, akampungia kofia kwa upendo, akapiga honi mbili ndefu na kuongeza mwendo.

"Mayo!" Royd alishika kichwa. "Ba Didier, umemzika mkeo hai!"

Didier alikimbia juu ya mataruma yanayoteleza, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Behewa likawa dogo kama kiberiti, kisha kona ikalimeza. Mbele kidogo akaona nguo juu ya reli. Akaiinua: ilikuwa chitenge ya Fidélie, ile aliyojifunga kiunoni, imeloa, ina alama nyeusi za gurudumu. Kila hatua baada ya hapo aliogopa kutazama chini, na kila hatua alitazama.

Kona ilipokwisha, alisimama kama aliyepigwa radi. Mabehewa matatu mapya ya chuma yalikuwa yamelala ubavu nje ya reli. Katikati yao, wima, lilisimama lile kuukuu, chumba chake cha mwisho wazi, mafundi wakishusha majeki na minyororo. Mlangoni Fidélie alikuwa ameketi juu ya magunia makavu, mzima.

"Wewe ndiye uliyetangaza msiba?" msimamizi wa mafundi, aliyekwisha kusimuliwa yote na Fidélie, alimuuliza. "Haya yameanguka asubuhi. Hili ndilo linalokwenda kuyainua mapya yakianguka. Nyasi za mvua za kwanza, bwana, huota kwa wiki moja!"

Didier alinyoosha mikono kumshusha mkewe.

"Usiniguse! Upepo umeninyang'anya chitenge nikiipunga kuomba msaada, na wewe nilipokuuliza kama linaenda ulicheka! Kwanza umusalimie muzee."

"Muzee gani?"

"Huyu uliyemuzika na pumzi yake. Musalimie vile wanasalimia wakubwa hapa Zambia, ao sishuki."

Didier alitazama huku na huku. Mafundi walikuwa wameacha minyororo. Akapiga magoti juu ya kokoto, mvua ikimchuruzika mgongoni, akalipigia behewa makofi ya heshima. "Mwapoleni, mukwai," alisalimu kwa Kibemba, kwa sauti ndogo.

Mafundi waliangua kicheko. Fidélie hakucheka. Alilia, kisha akamwegemea mumewe begani akashuka. Chisense walifika sokoni wakiwa wakavu, na Didier alifika akiwa bubu. Hakika, usimwone simba amenyeshewa ukamdhania paka.