Ng'ombe wa Zizini na Ng'ombe wa Simuni

Mtu mmoja alikuwa na ng'ombe wawili, mmoja wa zizini, mwingine wa simuni. Mtu huyo jina lake Chilongani, Mgogo wa kule ambako mwaka wa ukame hata mbu hutembea na maji ya akiba. Yule wa zizini aliitwa Kijivu, jike mwenye sikio lililochanika. Maziwa yake yalikuwa mazito, nzi akitua juu yake anatembea mpaka ng'ambo bila kulowa miguu. Watoto sita wa nyumba ile walikuzwa na maziwa hayo.

Yule wa simuni aliitwa Sultani. Alikuwa picha tu, fahali mwenye pembe za dhahabu na miwani myeusi, aliyeuzwa mtandaoni kwa sifa kwamba dunia nzima yuko mmoja. Chilongani aliuza baiskeli na redio ampate. Jua likiwa kali, anaihamishia simu kivulini fahali asiungue. Anamfukuzia nzi kwa usinga. Chaji ikishuka, na yeye hali chakula.

Shemeji yake akamrekodi akipepea simu. Video ile ilikimbia kuliko moto wa nyika. "Akiharisha unampa dawa, au unamzima na kumwasha?" aliuliza mmoja. Mwingine akasema, "Siku mkimchinja, mimi naomba miwani." Nchi nzima ikacheka mpaka waliokuwa wamenuniana miaka kumi wakapatana bila kujua. Chilongani akasoma yote, akavimba kwa fahari. Ng'ombe wake kawa maarufu!

Sasa, Wagogo na Wahehe ni watani, na mtani ana ruhusa ya kuteka mali yako mchana kweupe, mradi akuambie. Hukasiriki. Unaenda kuigomboa kwa kucheza ngoma mbele ya watu. Ila kijiji kile kilikuwa na sharti lake: siku saba zikipita hujafika, mali imehama. Basi Veneranda, mama wa Kihehe aliyeolewa pale jirani, akaingia uani kwa Chilongani na kamba mkononi, akapaza sauti mpaka kuku wakarukia juu ya paa.

"We Mgogo! Mtani wako nimekuja kuteka ng'ombe!"

Chilongani hakuinua macho. Akampungia mkono. "Chukua, mama, chukua. Ila sogea kidogo, unanizibia mtandao."

Veneranda akamfungua Kijivu, akaondoka naye akiimba.

Merina, mke wa Chilongani, aliona yote akanyamaza, maana alitaka kujua akili ya mumewe iko wapi hasa. Kesho yake akampa chai ya rangi. Chilongani akanywa vikombe viwili, akasifu maziwa. Siku ya tatu akamwekea ugali na maji ya chumvi mahali pa mtindi, naye akajilamba vidole mpaka kwenye kiwiko. Merina alicheka akiwa jikoni. Siku ya tano hakucheka tena. Watoto walikuwa wanaulizia maziwa, na zizini majani yalishaanza kuota.

Siku ya sita Veneranda akampiga Kijivu picha, jua la asubuhi likimwangaza ubavuni, akaitupia mtandaoni bila kuandika neno. Watu wakaipenda. Ikazunguka, ikazunguka, ikamfikia Chilongani. Tangu azaliwe hajaona ng'ombe kama yule: macho yale, sikio lile kama bendera iliyorudi vitani! Akaandika mbele ya dunia nzima, "Namtaka huyu. Natoa Sultani na miwani yake."

Asubuhi ya siku ya saba jibu likaja: "Njoo umchukue." Akauliza wapi. Akaelekezwa nyumba ya tatu kutoka kwake.

Akaenda mbio, simu mkononi, nusu ya kijiji nyuma yake wakijishika mbavu. Kijivu alizijua hatua zake kabla hajamwona. Akalia mlio mmoja, akawapasua watu katikati, akamlamba shingo. Chilongani akatazama picha. Akatazama sikio. Lilikuwa sikio alilolishona kwa mikono yake mwenyewe, mwaka fisi alipomvamia Kijivu malishoni.

Akamnyooshea Veneranda simu.

Veneranda hakuipokea. Akasema, "Mtani, nitakuuziaje ng'ombe wako?"

Watu wakangoja aone aibu. Chilongani akaangua kicheko, kicheko ambacho mbuzi wa kijiji cha tatu waliacha kula wakakisikiliza. Akaanza kucheza. Magoti yakapanda mpaka kidevuni, akalizunguka zizi la Veneranda mpaka vumbi likapaa na mawingu yakasogea kulipisha. Simu ilimdondoka humo vumbini, na wa mwisho kujua alikuwa yeye. Merina akapiga vigelegele. Wakarudi nyumbani na Kijivu katikati, Chilongani akimkuna chini ya shingo njia nzima, na watoto wakawa wamekaa mlangoni na vikombe tayari.

Basi ninyi mnaosikia, hivyo vilivyo hai nyumbani kwenu, mpaka avipige picha mtu mwingine ndipo mvitamani?