Dumu la Togwa na Utepe wa Mgeni Rasmi

Hii nimetumiwa leo asubuhi na nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Isome, kisha mrushie mwalimu au mzazi yeyote unayemjua.

Katika mji mmoja mdogo kule Ungoni palikuwa na mwalimu wa kemia, Sekunda Komba. Kila mwaka wanafunzi walilikimbia somo lake. "Sayansi ni ya wenye vichwa," walisema. Mwishowe mkuu wa shule akamwambia, "Mwalimu, Jumatatu vijana wanachagua masomo. Kemia ikikosa watu, maabara tunaifanya stoo ya madawati."

Mwalimu Sekunda hakulia. Aliandaa tamasha la sayansi kwenye uwanja wa mpira, akawaomba wakazi walete chochote cha nyumbani kinachobadilika chenyewe. Wakaleta maziwa ya mgando, unga wa maandazi uliokandwa, sabuni ya magadi. Mama Hyera akaleta madumu mawili ya togwa, kinywaji cha kimea kinachochacha chenyewe.

Watu walijaa! Lakini si unatujua? Shughuli bila mgeni rasmi si shughuli. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Ndunguru, akazungushia meza zote utepe mwekundu.

"Hakuna kugusa kitu mpaka mgeni rasmi akate utepe!"

Na ili togwa ipendeze mbele ya mkubwa, akalikaza dumu moja mfuniko kwa nguvu zake zote, akalifunga ua shingoni, akaliweka mbele kabisa, juani.

"Mzee, togwa haikazwi hivyo," alisema Mama Hyera.

"Mama, hii ni itifaki."

Mgeni akachelewa. Vijana wakaketi juani wakisikiliza ngonjera, halafu risala, halafu ngonjera tena. Wengine wakaanza kunyanyuka na kuondoka. Mwalimu Sekunda aliwatazama, roho ikamuuma, maana aliona maabara yake inaondoka nao.

Hatimaye gari likaingia. Mgeni rasmi akashuka na suti nyeupe, akapewa mkasi, akainama mbele ya meza ya togwa.

PAAA!

Mfuniko uliruka juu ya turubai la wageni. Togwa ikamwogesha mgeni rasmi kuanzia utosini mpaka viatuni. Mzee Ndunguru alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nani kafungua?" aliuliza mgeni akijipangusa macho.

"Hakuna, Mheshimiwa," alijibu Asteria, msichana wa kidato cha pili ambaye wiki nzima alikuwa akiapa kwamba kemia hataiona tena. "Limejifungua lenyewe."

"Kwa nini?"

Asteria akakuna kichwa. "Sijui. Lakini nataka kujua!"

Mgeni akamtazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka akavua koti.

"Hata mimi nataka! Mbona lile la pili limetulia?"

"Mfuniko wake umelegea," alisema Asteria.

"Basi likazeni tuone!"

Mwalimu Sekunda akarukia dumu. "Tusikaze, Mheshimiwa, utabaki bila nguo! Leteni chupa na maputo."

Hapo vijana hawakungoja. Waliruka mezani kwa pamoja na utepe ukakatika bila mkasi. Togwa ikamiminwa katika chupa mbili, kila moja ikavishwa puto mdomoni, moja ikawekwa juani na nyingine kivulini. Uwanja ukagawanyika timu mbili, Jua na Kivuli, na makelele yake hata fainali haijayasikia. Waliokuwa wameondoka walirudi mbio.

Puto la juani likaingiwa hewa ya togwa iliyochacha, likatikisika, likainuka, likasimama wima. Vigelegele! Mgeni rasmi, ambaye alikuwa timu Kivuli, akalalamika kama mtoto, akadai mchezo urudiwe.

"Turudie," alisema Mwalimu Sekunda, machozi ya furaha yakimlenga. "Kurudia ndiyo sayansi yenyewe."

Hotuba ilibaki mfukoni, imelowa togwa. Hakuna aliyeiulizia.

Jumatatu mkuu wa shule alikwenda maabara na kufuli jipya. Hakuweza hata kuufikia mlango. Vijana walikuwa wamejazana, Asteria akiwa mbele, wakisukumana kuandikishwa kemia. Mkuu akalitazama kufuli, akalitia mfukoni.

"Jamani," akapaza sauti, "nani atanisaidia kubeba madawati? Tunayaleta humo, la sivyo hamtapata pa kukaa!"

Funzo: Kijana hapendi elimu iliyozungushiwa utepe. Mwache aguse, aulize, akosee na arudie, kwa maana siku atakayosema "sijui, lakini nataka kujua", nusu ya safari ameshaimaliza.