Salamu Yenye Rungu

Wametusimulia masheikh wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba paliondokea mja mwema akiitwa Muhsini bin Ghanimu, mshona kofia, mtu wa swala na saumu, ila hasira zake zilikuwa karibu. Alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa uhai wa mjukuu wake mchanga aliyefiwa na mama.

Jirani yake, Hatimu, alikuwa mwindaji mwenye mbwa watatu. Ghafla mbwa wale wakaanza kuzurura. Wakala kuku wawili wa Muhsini, na kesho yake wakamng'ata yule mbuzi sikio. Muhsini akaona mzaha umekwisha. Akashika rungu, akaenda mpaka mlangoni kwa jirani.

Lakini mcha Mungu haingii nyumba ya mtu bila idhini. Adabu ni kubisha hodi mara tatu, na asipoitikiwa hurejea. Basi akasimama, rungu begani, akanadi, "Assalamu alaykum! Hodi!" Kimya. Mara ya pili kimya. Ya tatu kimya, ingawa ndani alimsikia mtu akikohoa, tena kikohozi cha kujibana. Muhsini akarudi kwake ametii sheria, na amefura kama andazi. Siku tatu mfululizo mambo yakawa yale yale.

Siku ya nne mkewe, Bi Sakina, akashindwa kuzuia kicheko. "Mume wangu, ulipokuwa ukimtakia jirani amani, mkono wako ulishika nini?"

Muhsini akalitazama rungu, aibu ikamshika. "Astaghfirullah! Kila swala natoa salamu kulia na kushoto, na Hatimu nyumba yake iko kushoto kwangu."

Haikuwa rahisi, kwani hofu ya mtoto kukosa maziwa ilikuwa bado imemkaa moyoni. Hata hivyo aliliweka rungu chini, akachukua bakuli la mchuzi, akaenda. Hajamaliza hodi ya kwanza, akasikia, "Wa alaykumus salaam! Karibu, jirani, sukuma mlango!"

Alimkuta Hatimu amelala karibu na mlango, mguu uliovunjika umefungwa gango la vijiti.

"Nisamehe," akasema Hatimu. "Nilianguka majabalini. Siwindi, mbwa hawali, na ua wangu wa miiba umelala chini, siwezi kuusimamisha. Kila ulipokuja nilikuona kwenye ufa wa mlango."

"Mbona hukuniitikia, nawe wajua kuitikia salamu ni wajibu?"

"Wallahi nilitaka. Ila sikujua niitikie ipi, ya ulimi au ya rungu."

Muhsini akacheka mpaka kilemba kikamdondoka, na Hatimu naye akacheka huku akiushika mguu wake kwa maumivu. Siku hiyo hiyo mshona kofia alikata miiba, akausimamisha ua, vidole vikamvuja damu. Mbwa wakapata makombo kutoka jikoni kwa Muhsini, wakatulia ndani. Kabla ya magharibi mbuzi akakamuliwa kwa amani, na mtoto akashiba.

Enyi ndugu, midomo yetu imezoea salamu hata tumesahau kuwa ni ahadi. Anayekwambia amani iwe juu yako amekuahidi kwamba shari haitatoka kwake. Basi kabla hujalalamika kuwa jirani hakuitikii, jitazame kwanza umebeba nini mkononi.